Msichana Aliyezawadiwa kwa Kunyamaza

Watoto, tulieni, mgeni wenu wa leo nisimulie. Na nyinyi walimu hapo nyuma, simu chini, please. Mfano huu unawahusu kuliko hawa.

Palikuwa na msichana wa darasa la nne, mdomo wake redio isiyozimwa. Mkisema "tufumbe macho tuombe," yeye anamsimulia jirani habari za paka wao. Jumatatu moja akaamka koo linamuuma kama amemeza miiba. Mate hayamezeki. Akanyamaza.

Mnajua watu wazima walifanya nini? Walishangilia! Mwalimu akamsimamisha mbele: "Class, mpigieni makofi ya kilo. Huyu sasa ana nidhamu." Akamzawadia kalamu mpya. Nyumbani mama akawapigia dada zake simu: "Maombi yamejibiwa! Siku tatu hajanijibu!"

Nyanya akamuuliza mama, "Mwanangu, mbona hata uji hamalizi?"

"Mama, ameanza kula kistaarabu."

Mtoto akanong'ona, "Mama, koo…"

"Shh! Usituharibie. Nyonya limau."

Hapo ndipo huwa nawaka. Staffroom nzima, vyeti vimejaa ukutani, na hakuna hata mmoja wa kumwambia mtoto, fungua mdomo tuone. Kuchungulia koo nako kunataka experience ya miaka mitano, kama kazi ninazonyimwa mimi?

Wiki ikaisha, koo likapoa lenyewe, redio ikarudi hewani. Mwalimu akaichukua kalamu yake.

Wiki ya tatu, magoti ya msichana yakavimba. Akipanda ngazi mbili anahema. Mama akasema anakwepa kuosha vyombo. Nyanya ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, mama akifuata nyuma akilalamika.

Daktari akamsikiliza kifua, akarudia, akarudia tena. "Aliumwa koo hivi karibuni?"

"Koo?" mama akacheka. "Lilishapona zamani, daktari."

"Maumivu ndiyo yaliyoisha. Ugonjwa umeshuka kwenye moyo. Mngemleta siku zile, dawa za siku kumi zingetosha. Sasa ni sindano kila mwezi, kwa miaka."

Msichana akauliza, "Na kuruka kamba?"

Nyanya akambeba tena mgongoni.

Sasa, sisi ni nani katika mfano huu? Sisi ndio tuliopiga makofi. Mtu akinyamaza tunasema ametulia, ameokoka, ana adabu. Nani huuliza anaumia wapi? Si kila koo hufika moyoni, siwatishi. Lakini wewe utajuaje, kwa kumtazama tu usoni? Anayejua ni yule wa zahanati.

Kwa hiyo watoto, koo likiuma, semeni siku hiyo hiyo. Ukiambiwa shh, ongeza sauti. Mama asiposikia, mwambie nyanya; mwalimu huyu asiposikia, nenda kwa yule. Wakiwaita watovu wa nidhamu, waambieni ni mimi niliyewafundisha. Mimi sina kazi. Watanifukuza wapi?