Bi Mwanatumu na Mgongo wa Hidaya

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa mgongo, pakawa tandiko. Wa nyuma sogeeni, na aliye karibu na moto asiulalie. Nitasema polepole, kwa sababu nawataja watu waliokwisha kutangulia, na marehemu hatajwi mbiombio.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kilichokaa chini ya vilima, watu walifuga farasi. Hawakufuga kwa fahari. Njia za huko juu zilikuwa za mawe matupu, na jamaa zao wengi waliishi huko juu. Asiye na farasi alibaki chini.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake ya kununua tandiko. Mnunuzi hakwenda sokoni na farasi. Alikwenda peke yake. Kinu kikubwa kililazwa chini, tandiko likawekwa juu ya kinu, mnunuzi akapanda akakaa. Wazee wakamzunguka. Wakatazama mgongo wake ulivyonyooka, shingo ilivyosimama, miguu ilivyoning'inia. Akipendeza, wanawake walipiga vigelegele na tandiko likawa lake. Akifika nyumbani farasi akalikataa, basi huyo ni farasi mkaidi, na dawa ya mkaidi ilikuwa fimbo.

Ndivyo walivyofanya baba zao. Na kinu, ndugu zangu, hakijawahi kumwangusha mtu.

Alikuwapo mwanamke jina lake Saumu. Alikuwa mkunga, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, hutembea kwa mkongojo. Mumewe, Kombo, alimpa farasi jike ili mguu ule usimzuie kazi yake. Wakamwita Hidaya. Alikuwa mnyama mpole, lakini umbo lake Mungu alilitengeneza kwa namna yake. Mabega yametuna juu. Mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Tena bega la kushoto limejaa kuliko la kulia. Watu walimcheka. Walisema Kombo amenunua ngamia aliyenyimwa nundu.

Mwisho wa masika Kombo akashikwa na homa, akafa. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Kwa desturi yao, tandiko la marehemu alipewa mtu aliyetangulia kulibeba jeneza, liwe sadaka. Siku ile aliyetangulia alikuwa msafiri mgeni. Akapewa tandiko, akashukuru, akaenda zake mbali. Saumu akabaki na farasi asiye na tandiko, na kikoi cha mumewe alichokikuta kwenye kigingi cha zizi. Hakukifua. Alikitia sandukuni vile vile kilivyokunjwa, maana harufu ya mtu hairudi ikishafuliwa.

Alipotoka edani, Saumu alikuwa na jambo moja moyoni. Binti yake Rehani aliolewa huko vilimani. Mimba yake ya kwanza ilipofika wakati, farasi alikuwa safarini na Kombo, na Saumu akapanda kwa miguu. Alipofika alikuta mtoto amekwisha kufunikwa sanda. Sasa Rehani alikuwa na mimba nyingine, na miezi ilikuwa imetimia. Saumu alikuwa amemwapia kwamba safari hii atakuwapo.

Basi akaenda kwa Fumbwe, muuza matandiko. Fumbwe alikuwa rafiki wa Kombo, akamkaribisha kwa heshima na kumwita shemeji. Akamtolea tandiko la nakshi lenye vifungo vya shaba. Saumu akalikalia juu ya kinu. Wazee wakasema amekaa kama malkia. Vigelegele. Bei yake ilikuwa shamba la minazi la Saumu, lakini Fumbwe akamwambia akalijaribu kwanza, ndipo wazungumze.

Saumu akamtandika Hidaya. Hidaya akalaza masikio. Akapuliza pua, fuuu! Akainua mgongo. Saumu, puu! Chini.

Akarudi. Akapewa tandiko la ngozi ya nyati. Kinu, wazee, vigelegele. Akamtandika Hidaya. Hidaya akalaza masikio. Akapuliza pua, fuuu! Akainua mgongo. Saumu, puu! Chini.

Akarudi tena akichechemea zaidi. Akapewa tandiko la pamba, nene, laini kama godoro la bibi harusi. Hili, Fumbwe alisema, hata mtoto mchanga angelilalia. Kinu, wazee, vigelegele. Hidaya akalaza masikio. Fuuu! Puu!

Sasa watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema farasi yule anamlilia Kombo. Wengine walisema ana pepo. Jumbe wa kijiji alikuwa mtu mwema, lakini alipenda mambo yaishe. Akatoa shauri kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, Hidaya apewe watu wa msafara wa chumvi, wamfunge mizigo na kumpeleka mbali, kabla hajamvunja mjane wa watu shingo.

Saumu alikwenda zizini, akakaa juu ya majani makavu, akafunika uso kwa kanga.

Hapo ndipo alipopita Bi Mwanatumu.

Bi Mwanatumu alikuwa mwosha maiti. Wanawake wote waliofariki kijijini pale, kwa miaka mingi, walipita mikononi mwake. Watu walimheshimu sana, ila walipenda awatembelee kwa nadra. Naye alilijua hilo. Kila alipobisha hodi husema kwanza, "Sijaja kikazi."

Ndivyo alivyosema mlangoni pa zizi. Saumu akaondoa kanga usoni, akamwamkia, akamweleza yote: matandiko, kuanguka, chumvi, na Rehani.

Bi Mwanatumu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba maji ya vuguvugu. Akasema bismillahi, akayamwaga kidogo kidogo juu ya mgongo wa Hidaya, akaupitisha mkono wake. Alianza upande wa kulia, kama alivyoanza siku zote katika kazi yake. Polepole. Begani, mgongoni, ubavuni. Akahamia kushoto. Hidaya akashusha kichwa, akatoa pumzi ndefu.

"Mwanangu," akasema, "nimeosha wanene na wembamba, waliotukanwa na waliosifiwa. Sijakutana na migongo miwili iliyofanana. Huyu hana pepo. Huyu anaumia."

"Mbona kwa Kombo hakuumia, Bibi?"

"Hilo alilijua Kombo. Twende sokoni. Naye aje."

Saumu akashtuka. Farasi hakuwahi kuingia soko la matandiko. Lakini mtu aliyekuoshea mama yako humbishii. Wakaenda, Saumu na mkongojo wake, Bi Mwanatumu na ungo wa majivu kichwani, na Hidaya nyuma yao, ambaye njiani aliuma muhogo wa mtu na kuendelea kutembea kama hakuna kilichotokea.

Sokoni watu walisimama. Mmoja akauliza kwa kejeli kama farasi naye amekuja kukaa juu ya kinu. Wakacheka. Jumbe akaja, akauliza kuna nini. Akakumbusha kwa upole kwamba tandiko ni la mpandaji, na mpandaji ndiye anayekaa.

Bi Mwanatumu akautua ungo.

"Jumbe, tandiko lina pande mbili. Upande wa juu mmeuuliza, umejibu, mmepiga vigelegele. Upande wa chini mmemuuliza nani?"

Jumbe akageuka kukitazama kinu.

"Mlikiuliza kinu," akasema Bi Mwanatumu.

Hapo akachukua majivu, akayanyunyiza juu ya mgongo wa Hidaya, membamba, sawasawa, kama unga juu ya kibao. Akaomba tandiko la nakshi. Fumbwe akasitasita, akasema tandiko si embe hata lionjwe. Lakini akalitoa. Wakaliweka, wakaliegemea kwa mikono, wakaliinua moja kwa moja juu. Wakatazama. Juu ya mabega majivu yamefutika kabisa. Katikati yamebaki yote. Tandiko lilikuwa limesimama juu ya mifupa kama daraja.

Akapangusa. Akanyunyiza tena. La ngozi ya nyati likafuta majivu juu ya uti wa mgongo wenyewe. Watu wakaacha kucheka.

Akapangusa. Akanyunyiza tena. La pamba, lile laini, likafuta upande wa kushoto, na upande wa kulia likagusa kidogo tu. Lilikuwa limelala upandeupande kama mlevi. Ulaini wake haukulisaidia kitu.

Fumbwe akasema hana jingine. Bi Mwanatumu akamwonyesha kwa kidevu banda la kuku nyuma ya duka. Juu ya banda palikuwa na tandiko kuukuu, ngozi imepauka, na kuku amelilalia mayai.

"Na lile?"

"Lile la kuku, Bibi," akasema Fumbwe. "Kila aliyelikalia juu ya kinu alionekana kama gunia."

"Saumu haendi vilimani kuonekana. Msogeze kuku."

Kuku akasogezwa, akalalamika sana. Tandiko likapanguswa. Majivu yakanyunyizwa, tandiko likawekwa, likainuliwa. Watu wakainama kutazama, hata Jumbe. Mbavuni majivu yamefutika pande zote mbili. Juu ya uti wa mgongo yamebaki mstari mweupe mrefu, safi, kama njia. Penye bega la kushoto yamefutika sawasawa. Penye bega la kulia tu yalibaki yote, mahali pa upana wa viganja viwili.

"Hapa pana pengo," akasema Bi Mwanatumu. "Pakibaki hivi litapinduka. Panataka kitu."

Saumu akatazama mahali pale. Akatazama sana. Akamkumbuka Kombo asubuhi za safari, zake na za mkewe, akimtandika Hidaya yeye mwenyewe, akikunja kikoi chake na kukitia chini ya tandiko upande mmoja tu. Yeye Saumu alikuwa akimcheka mlangoni. Alikuwa akimwambia kwamba mwanamume mzima hajui kukunja nguo. Naye Kombo alikuwa akicheka pia, bila kueleza.

Akaenda nyumbani kwa mkongojo wake, akafungua sanduku. Kikoi kilikuwa bado na mikunjo ile ile, kinene upande huu, chembamba upande ule. Akakinusa mara moja. Akarudi nacho sokoni.

Wakakiweka penye pengo. Kikakaa.

Majivu yakanyunyizwa mara ya mwisho. Tandiko likainuliwa. Hapakuwa tena na pengo.

Bi Mwanatumu akasema, "Mungu amrehemu Kombo," na soko zima likaitikia amina.

Fumbwe akaona haya kudai shamba kwa kitu cha kuku. Akaomba mkeka. Saumu alikuwa na mkeka wa ukindu aliousuka edani, akampa, na Fumbwe akaona amependelewa.

Basi ikafika Ijumaa. Watu walipotoka msikitini, watu wa chumvi walikuwa wamekwisha kuja na kamba zao, maana hakuna aliyewapa habari za sokoni. Mara akateremka mkwe wa Saumu kutoka vilimani, jasho linamchuruzika. Hakumaliza hata salamu. Rehani ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya.

Hidaya akatandikwa hapo hapo. Kikoi kwanza, kisha tandiko. Mguu mbovu wa Saumu haukufika juu, na Jumbe mwenyewe akavingirisha kile kinu mpaka ubavuni mwa farasi. Saumu akakikanyaga, akapanda. Kinu kikapata kazi yake ya kwanza ya maana siku ile.

Watu wakatazama masikio.

Hidaya akasimamisha masikio mbele. Hakupuliza pua. Akageuza kichwa kuelekea vilima, akaondoka.

Kacha, kacha, kacha, juu ya mawe. Kilima cha kwanza, kacha, kacha. Kilima cha pili, kacha, kacha. Penye mteremko alishuka kama anayebeba maji yasimwagike. Kule chini kijijini watu wa chumvi walikunja kamba zao. Saumu hakushika nywele za shingo. Alishika hatamu tu, na midomo yake ilikuwa ikimsalia Mtume.

Alifika jua lingali juu. Akaosha mikono, akaingia. Akamgeuza mtoto kwa vidole vyake, polepole, na wote waliokuwa nje ya mlango walishikana mikono. Kisha wakasikia.

Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Msichana. Wakampa jina Mwanatumu.

Siku Saumu aliporudi kijijini, vigelegele vilianzia mtoni vikamfuata mpaka mlangoni, na safari hii vilikuwa vya Hidaya pia. Yule aliyeliwa muhogo wake njiani alileta mwingine, kwa hiari yake. Siku ya soko iliyofuata, Jumbe alikuja na farasi wake mzee, anayepigwa kila siku kwa ukaidi, na chini ya kanzu ameficha kibakuli cha majivu. Alidhani atakuwa peke yake. Alikuta soko limejaa farasi, na watu wote wana majivu mpaka viwikoni. Wanawake wakarudishiwa kinu, kikatwanga nafaka.

Bi Mwanatumu aliishi mpaka akamwona Mwanatumu mdogo amekaa mbele ya bibi yake juu ya Hidaya. Siku yake ilipofika, Saumu ndiye aliyemwosha. Alimwaga maji ya vuguvugu, akaanza upande wa kulia, polepole, begani, mgongoni, ubavuni, kama alivyofundishwa zizini.

Basi wanangu, unapomtwika mtu jambo, usiulize tu linavyokupendeza wewe uliye juu. Muulize aliye chini yake. Na asiyeweza kusema, mguse polepole, atakujibu.

Hadithi yangu naitua hapa, kama tandiko lishukavyo mwisho wa safari. Mgongo ni mzima, alhamdulillahi.