Furukombe na Chai ya Mzee Maurusi

Furukombe hangoji chai ipoe. Ndivyo nilivyomwambia mwanangu Desi aliposema ataanza kujifunza ushonaji mambo yake yakitulia, nanyi mkacheka, mkataka kujua ndege na chai vilikutana wapi. Vilikutana mto Kilombero, na mnywaji wa chai hiyo alikuwa kaka yangu, Kasiani.

Kasiani alikuwa mpiga picha mjini Ifakara. Harusi, kipaimara, picha ndogo za vitambulisho, zote alizimudu. Baba yetu aliishi kwake, mgonjwa wa mapafu, hatoki kitandani. Ujana wake wote baba alivusha watu kwa mtumbwi, na sasa alikuwa na hamu moja tu, kumwona tena furukombe, yule ndege mwenye kichwa cheupe anayenyakua samaki majini.

"Nipelekeni mtoni," alituambia kila siku.

"Upate nafuu kwanza, baba," kaka alimjibu. "Kipupwe hiki kitakumaliza."

Mwishowe kaka akaona njia rahisi ni kwenda kumletea picha.

Mtoni alipokelewa na Mzee Maurusi, rafiki wa baba tangu utoto. Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa ukarimu, na sisemi kwa kumsengenya. Mgeni wake hagusi kazi kabla hajagusa kikombe. Walisogea kwa mtumbwi hadi karibu na mti wa furukombe, ukungu bado umelala juu ya maji. Maurusi akamjaza samaki matete makavu tumboni ili aelee, akamtupa mtoni ili kumvuta ndege. Samaki alikuwa mmoja tu, maana wakati wa baridi nyavu hazina kitu. Furukombe alikuwa juu kule, kajikunyata.

"Huyo hashuki mpaka jua limpate," Maurusi alisema. "Tunywe chai, mwanangu."

"Baba mdogo, ngoja kwanza nipige hii picha."

"Mtoto wa rafiki yangu afanye kazi na tumbo tupu? Watu watanisemaje?"

Kaka akapokea kikombe cha bati kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa. Chai ilikuwa ya tangawizi, inafuka moshi. Kuimwaga ni kumtukana mwenyeji, na ndani ya mtumbwi unaoyumba hapakuwa na pa kukiweka. Akawa anapuliza.

Ndipo furukombe aliposhuka.

"Piga, piga!" Maurusi alipiga kelele, akainuka, chai yake yote ikammwagikia suruali.

"Nipige na nini, baba mdogo? Mikono yangu unayo wewe na kikombe chako!"

Kaka alipofanikiwa kushika kamera, ndege alikuwa amekwisha ondoka na samaki wake. Alipata picha moja. Ilimwonyesha Mzee Maurusi, suruali imelowa, anacheka hadi magego yanaonekana, na nyuma yake kidoa cheusi kinachopotea ukunguni.

Kaka alirudi kwa aibu, akampa baba picha hiyo, akamsimulia yote. Baba alicheka, nasi tukafurahi, maana kicheko chake tulikuwa tumekisahau. Kisha akaiweka picha kifuani.

"Kwa hiyo furukombe hangoji chai ipoe," alisema.

"Hangoji, baba."

"Na mimi je, Kasiani? Unadhani nangoja nafuu?"

Kaka alitoka nje, nikamkuta anajifuta macho kwa shati.

Kesho yake tulimfunga baba mablanketi tukampeleka mtoni. Maurusi alimkumbatia, wakalia, wakataniana kama vijana. Tuliketi mtumbwini, baba akiwa ameegemea kifua cha Kasiani, na alipoona samaki anaelea akapiga mluzi mwenyewe, mwembamba, wenye pumzi ndogo. Furukombe akaitika kwa mlio wake ule mrefu, akashuka, maji yakaturukia usoni. Baba alipiga makofi.

Picha ya siku hiyo haipo. Mikono ya kaka yote miwili ilikuwa imemshika baba.

Baba alituacha kabla ya masika. Msibani, mjomba mmoja alimkaripia Kasiani kwa nini alimtoa mgonjwa nje kwenye baridi ile. Kaka hakukasirika, wala hakujitetea sana. Alisema tu, "Mjomba, furukombe hangoji chai ipoe."