Chumvi ya Harusi ya Mwashi

Onja chumvi, taja kuni.

Mmeisikia mchana huu kwa shangazi yenu, alipomwona mmoja wenu akimwaga nusu bakuli ya mchuzi, mkatazamana, mkaja kuniuliza chumvi na kuni zina undugu gani. Kaeni basi. Methali hii haikutungwa na mtu aliyeketi akafikiri. Ilimtoka mwanamke mmoja mbele ya wakwe zake, siku ambayo hakuwa na jingine la kusema, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mji ulioitwa Itanda, katika nchi ya misitu ya miombo. Watu wake hawakuwa na bahari wala ziwa, lakini hakuna mji uliowashinda kwa chumvi. Mwendo wa siku tatu kutoka kwao palikuwa na bonde lililoitwa Chumvini, lenye chemchemi ya maji ya chumvi, na watu wa huko waliyachemsha maji yale vyunguni mpaka yakakauka ikabaki chumvi nyeupe. Itanda walipeleka mtama na majembe, wakarudi na chumvi. Kwa kuwa haikuwahi kukosekana, waliizoea kama mtu anavyoyazoea mate yake. Nyama waliipaka mpaka ikabadilika rangi. Na mgeni wa heshima hakunawishwa maji matupu. Maji yake yalitiwa konzi nzima ya chumvi, naye akishanawa yakamwagwa uani. Wageni wakirudi kwao walisema, "Kwa watu wa Itanda hata ua umekolea." Nao Itanda waliipenda sana sifa hiyo.

Katika mji huo hapakuwa na mwanamke aliyejua kupokea wageni kama Kalunde, mjane wa mhunzi. Alikuwa na binti mmoja, Mwashi. Mwashi alipochumbiwa katika ukoo wa Mzee Lugembe, warina asali waliojulikana nchi nzima, Kalunde aliwaambia wanawake wenzake, "Siku hiyo nitanawisha watu mia moja, na kila mmoja atalamba kidole chake." Maana ilikuwa desturi, mgeni akishanawa hulamba kidole kuona kama ameheshimiwa.

Lakini mwaka huo wapagazi waliokwenda Chumvini walirudi na mzigo mmoja badala ya kumi, tena chumvi yenyewe ya kijivu, imechanganyika na majivu. Mji ukanung'unika. Wachemshaji wameota mapembe, walisema watu. Wanataka kubembelezwa.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Kalunde. "Kumnyima mtu aliye mbali ni rahisi. Acha waninyime wakinitazama usoni."

Akafuatana na kaka yake, Kapela, na wapagazi wanne. Siku ya kwanza walipita msituni, na ya pili pia. Alasiri ya siku ya pili msitu ukakatika ghafla kama nguo iliyochanwa, na mbele yao pakawa na visiki vitupu hadi macho yalipokomea.

Kalunde hakuwahi kufika huko. Alisimama. "Kapela, hapa palipita moto?"

"Moto hauachi alama ya shoka, dada."

Siku nzima ya tatu walitembea juani kati ya visiki. Kijito ambacho wapagazi walizoea kujaza vibuyu vyao kilikuwa mchanga mtupu, ikabidi wachimbe kwa mikono wapate maji ya kulowesha koo. Kalunde alijiambia kuwa watu wa Chumvini ni waharibifu, na kwamba akifika atawaambia hivyo kabla ya salamu.

Hakuwaambia. Alimkuta Bibi Nyanzobe, mkubwa wa wachemshaji, ameketi kando ya vyungu ishirini, na chini ya vyungu vitatu tu ndipo palipowaka moto. Alikuwa amekonda, nywele zimejaa majivu. Aliwakaribisha, akawapa uji, kisha akasikiliza shida yao mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "niambie jambo moja ambalo limenisumbua miaka mingi. Itanda mko wangapi, hata muweze kula chumvi yote mnayoichukua?"

"Hatuili yote, bibi. Tunapaka nyama. Na tunanawa."

"Mnafanya nini?"

"Tunanawa. Wageni. Tunawatilia kwenye maji ya mikono."

Bibi Nyanzobe alicheka, akidhani ni utani. Wenzake nao wakacheka. Kisha aliutazama uso wa Kalunde, akaona si utani, kicheko kikamfia mdomoni.

"Kesho," alisema polepole, "utakwenda kuni pamoja nasi."

Walitoka alfajiri. Kwenda kulipofikia miti, upande wa pili wa bonde, kulichukua mpaka jua la utosi. Wakakata, wakafunga, wakalala huko huko, na siku iliyofuata wakarudi na mizigo kichwani. Kalunde alikuwa mtu wa kazi, lakini kabla ya kufika shingo yake ilikuwa imekakamaa asiweze kugeuka. Bibi Nyanzobe akaagiza mzigo wa Kalunde uchomwe peke yake, chini ya chungu kimoja, usiongezewe hata kijiti.

Mzigo uliungua wote. Maji yalipokauka, Kalunde aliikwangua chumvi, akaipima kwa mkono. Zilikuwa konzi tatu. Mikono ya wageni watatu. Akaitazama chumvi ile, akawakumbuka wageni wote aliowanawisha tangu alipoolewa, na ule ua wake alioupenda kwa kuwa umekolea. Machozi yalimlenga, akayazuia, maana hakuwa amekuja kuliliwa wala kulia.

Alipogeuza macho aliona utando mweupe juu ya mwamba mmoja bapa, mahali maji ya chemchemi yalipokuwa yamemwagika. Akagusa, akaonja.

"Bibi, kumbe hata jua linapika?"

"Jua ndilo lililopika tangu enzi za bibi zetu. Tuliyamwaga maji kwenye vigae vipana, tukangoja. Vigae vipo mpaka leo."

"Na mbona mkawasha moto?"

Bibi Nyanzobe hakuinua sauti. "Mliagiza zaidi. Kisha mkaagiza zaidi ya hapo. Jua linatosha kwa kula, mwanangu. Kwa kunawa halitoshi."

Kalunde akasema, "Nipe iliyopikwa na jua, basi."

"Iliyopo ni mkoba mmoja."

"Nipe huo huo."

Kapela alimvuta kando. "Dada, una akili? Watu mia moja! Na Mzee Lugembe je?"

"Lugembe niachie mimi," alisema Kalunde, ingawa hakujua atamfanyia nini.

Siku ya harusi ilifika. Wakwe waliingia kwa nyimbo, Mzee Lugembe mbele, babu yake bwana harusi, mrefu, mkali wa mambo ya heshima. Akaletewa bakuli la maji. Akanawa. Akalamba kidole. Nyimbo zikafifia.

"Mkwe," alisema, "maji haya ni matupu."

Watu waligeukiana. Mwashi aliinamisha kichwa chini ya ushungi wake. Baba mdogo wa bwana harusi aliikusanya fimbo yake, akasema yeye hali kwa watu wanaomdharau, akatoka. Na miaka miwili ikapita bila yeye kukanyaga tena Itanda. Kalunde alimwona akienda. Hata hivyo alipiga hatua mbele, ameshika mkoba, akapiga goti kwa Mzee Lugembe.

"Nipe kiganja chako, mkwe."

Akamtilia chembe chache. "Onja."

Mzee akaonja. "Ni chumvi."

"Umeonja chumvi. Sasa taja kuni."

"Kuni gani?"

"Hiyo imepikwa na jua, haina mti ndani yake. Lakini chumvi tuliyowanawishia miaka yote ilipikwa kwa kuni, nami nimetembea siku nzima juu ya visiki vyake. Nimekwenda kuni siku mbili, nikapata konzi tatu. Konzi moja ndiyo tuliyokuwa tukiimwaga uani kila mgeni anaponawa. Wewe ni mrina asali, unaijua miti kunishinda. Nitajie tulichomwaga."

Mzee Lugembe alikitazama kiganja chake.

"Mti wa mtundu," alisema. Kisha, "Mrumba. Mninga. Muyombo." Akakifumba kiganja. "Upande ule wa Chumvini nilikuwa na mizinga arobaini. Nyuki wakahama wote. Nikadhani nimeiudhi mizimu, nikatambika mara mbili. Kumbe nilikuwa nikinawa mikono kwa misitu yangu mwenyewe!"

Akaitia mikono kwenye bakuli tena, akainawa mpaka viwiko, akainyanyua juu ikichuruzika watu wote waione.

"Mimi Lugembe nimenawishwa maji matupu na watu wa Itanda," alisema kwa nguvu, "na tangu nizaliwe sijaheshimiwa namna hii. Lete chakula!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, wasimulizi wanasema, vilisikika hadi mashambani. Mkoba ule ulizungushwa, kila mgeni akapata chembe chache, na kila aliyeonja akataja mti mmoja. Wasiojua miti waliona aibu kuliko wasiojua kucheza ngoma.

Tangu hapo Itanda walijivuna upya. Mgeni akinawa walimwambia kwa kichwa kilichoinuliwa, "Haya ni maji matupu, karibu." Watoto wao walijua majina ya miti kabla ya kujua kufunga mbuzi. Huko Chumvini, Bibi Nyanzobe alivitandaza vigae juani, moto ukabaki wa masika tu. Miti ya miombo haifi kwa shoka la kwanza. Ikipumzishwa huchipua kisikini. Ilichukua miaka. Mzee Lugembe hakuiona mizinga ikirudi, ila mjukuu wake, mume wa Mwashi, ndiye aliyeutundika wa kwanza.

Mwashi alizeeka akiwa mtu wa heshima zake. Siku moja, wanawake wa mji mwingine walimwonea huruma, wakamwambia, "Pole, bibi. Tumesikia siku ya harusi yako wakwe walinawishwa maji matupu."

Naye akajitengeneza vizuri juu ya kigoda chake. "Msinipe pole," alisema. "Harusi zenu zilizaa watoto. Yangu ilizaa watoto na methali."

Kisha akawatajia neno alilolisema mama yake akiwa amepiga goti, kama watu walivyolifupisha:

"Onja chumvi, taja kuni."