Asali ya Gurudumu la Bibi Kobe

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wanaosinzia? Paukwa!

— Pakaaawa!

Hapo sawa. Mimi naleta uongo, nyinyi leteni masikio, tupikie chungu kimoja. Palikuwa na gari.

— La nani?

La Kobe.

— Kobe ana gari?

Wewe uliyecheka huko nyuma, njoo usimulie. Huji? Basi tulia.

Bibi Kobe alikuwa na gari, pikapu kuukuu ya rangi ya udongo, na katika bonde lote hapakuwa na mtu aliyependa mwendo kasi kama yeye. Ungekuwa wewe umetembea maisha yako yote kwa mwendo ule, ungependa nini? Alikalia magunia mawili, shingo akainyoosha hadi usukani, na kwenye kioo cha pembeni, siku zote, alikaa Mlembe.

Mlembe ni yule ndege mdogo wa kijivu anayewaonyesha watu mahali penye asali. Sasa, Mlembe hakulelewa na mama yake. Mama zao hutaga kwenye viota vya watu, wakaenda zao. Alipoota mbawa hakuwa na hata mtu wa kumwamkia, mpaka siku Bibi Kobe alipomwona juu ya uzio akamuuliza, "Wewe mtoto, umekula?" Tangu hapo Mlembe alimpenda Bibi Kobe, akampenda sana, na hakuona haya kulisema mbele za watu.

Siku moja ikaja habari kutoka mtoni, chini kabisa ya mteremko. Yai la binti yake Bibi Kobe limeanza kugonga. Ko, ko, ko! Mjukuu wa kwanza yuko njiani.

"Nakwenda leo leo," akasema Bibi Kobe. "Nataka akitoa kichwa anikute nimekaa hapo."

Akawasha gari. Likaenda polepole, likalia ngu. Likaenda kasi, likalia nguuuuu.

"Bibi," akasema Mlembe, "toa gia, liache liteleze lenyewe."

Bibi akatoa gia. Injini ikapoa, gari likateleza, na bado nguuuuu.

"Basi si injini. Kata kushoto."

Bibi akakata kushoto. NGUUUUU!

"Kata kulia."

Bibi akakata kulia. Ngu.

"Ni gurudumu la mbele la kulia," akasema Mlembe. "Ukikata kushoto uzito wote unalilalia, ndipo linapolia."

Wakalipiga jeki. Bibi akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Koto, koto, koto. Lilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mlembe akatua juu ya springi, Bibi akalizungusha kwa mkono. Kwaru, kwaru, kwaru! Mlembe akausikia ule mkwaruzo mpaka kwenye kucha.

"Beringi imekufa, Bibi. Gololi zake zimelika. Tukishuka nayo mteremkoni, gurudumu litatutangulia mtoni."

Beringi mpya ilikuwepo. Marehemu Babu Kobe alikuwa mtu wa akiba, aliiacha chini ya kiti, imefungwa kwenye gazeti. Kilichokosekana ni nguvu. Bibi Kobe alijaribu spana kwenye nati kubwa ya katikati, akaning'inia nayo mpaka miguu ikaelea, na nati haikumjali hata kidogo.

"Basi nitakwenda hivyo hivyo," akasema. "Litakalokuwa na liwe. Nikienda kwa miguu, nitamkuta mjukuu wangu ana wajukuu."

 Mlembe alimjua bibi yake, akisema amesema. Alimwona tayari yuko chini ya korongo, gari juu yake.

Sasa nguvu za bonde lile zilikuwa kwa mtu mmoja tu, naye ni Nyegere. Makucha marefu, mabega mapana, na uroho usio na kipimo. Desturi ya kule ni kwamba Mlembe akikuonyesha mzinga, wewe kula asali, mwachie yeye masega. Nyegere alikula asali, akala masega, akala nyuki, akaramba na gogo. Mlembe akiuliza fungu lake, Nyegere alisema, "Fungu gani? Kwani palikuwa na asali?" Na kwa kuwa alimdanganya kila mtu, aliamini kila mtu anamdanganya yeye.

Mlembe akaenda kwake.

"Hodi, mjomba."

"Kuna asali?"

"Hakuna, mjomba. Nimekuja kuomba nguvu zako."

"Hakuna asali, hakuna nguvu."

Pu! Mlango ukafungwa. Kilikuwa kiangazi, maua yamekauka, na njaa ya Nyegere haikuwa ya kuzungumza nayo.

Mlembe akatua kwenye tawi, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Kisha akaruka kurudi.

"Bibi, lipitishe gari mbele ya nyumba ya Nyegere. Pale ni tambarare, halitatuangusha. Tia moto."

"Na akituuliza?"

"Tutamwambia ukweli mtupu."

Bibi Kobe akatia moto. Nguuuuuuuu! Mlango wa Nyegere ukafunguka wenyewe, au tuseme ulitoka pamoja na bawaba. Nyegere akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Mna nini humo?"

"Shikamoo, mjomba," akasema Mlembe. "Ni beringi. Imekufa."

"Beringi gani! Mimi nasikia nyuki."

"Si nyuki, mjomba. Ni beringi ya gurudumu la mbele la kulia."

"Mbele, kulia! Kumbe unajua mpaka chumba walichopanga!"

"Haki ya Mungu, mjomba, hakuna asali humo."

"Sikiliza, wewe kinyoya. Siku zote ukiona asali unaniita. Leo umekuja mlangoni kwangu, unataka nguvu, unasema hakuna asali. Nguvu za nini kama hakuna asali? Mimi mjinga?"

Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani ya ganda, akachekea huko.

"Basi usifungue, mjomba," akasema Mlembe. "Nati imekaza sana, na ndani utakuta grisi tu."

"Grisi! Ndivyo mnavyoiita siku hizi?" Akanyakua spana.

Akalipiga gari jeki, akafungua nati za gurudumu. Kriki, kriki, kriki! Akalitoa.

"Nyuki wako wapi?"

"Hakuna nyuki, mjomba."

"Mwongo!"

Akafungua breki. Mlembe akamsihi asiiache ining'inie kwa bomba lake, itakatika, naye akaifunga kwa kamba huku akinung'unika.

"Asali iko wapi?"

"Hakuna asali, mjomba."

"Mwongo!"

Akafika kwenye ile nati kubwa ya katikati. Akatia spana, akatia bega, akanguruma. Kaaaaa-TA! Nati ikalegea. "Mwongo!" akasema Nyegere, na safari hii hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Akaitoa habu, kitovu cha gurudumu, akaiweka juu ya gogo, akagonga. Ndu! Ndu! Ndu! Beringi iliyokufa ikachomoka, ikaanguka chini, ikafunguka. Gololi zikatawanyika, na katikati yake kitu kizito, cha njano iliyokolea, kikachuruzika polepole.

Nyegere akafumba macho. Akachovya kidole. Akaramba.

Wanangu, asali mnaijua. Grisi je, mmewahi kuilamba? Msijaribu, nitaulizwa mimi na mama zenu.

"Pthuu! Imeoza! Mmewasumbua nyuki mpaka wamehama, asali ikaozea humu!" Nyegere akatazama yale magurudumu mengine matatu. "Watakuwa wamehamia hapo. Nafungua yote. Nafungua na injini!"

Hapo Mlembe aliogopa kweli. Jua lilikuwa limekwisha kuinama, yai kule mtoni linagonga, na Nyegere akifungua gari zima hakuna wa kulifunga. Bibi Kobe naye alikuwa ametoa kichwa, machozi yanamlengalenga. Mlembe akaingia chini ya kiti, akaliburuta lile gazeti, akalipasua kwa mdomo.

"Mjomba, tafadhali. Hii ndiyo beringi mpya. Inaingia pale ilipotoka ile. Hilo tu ndilo tulilotaka, na si jingine."

Nyegere akaitazama. Duara. Safi. Tundu katikati. Ndani hamna nyuki hata mmoja.

"Ahaa!" akasema. "Mzinga mpya!"

Hapo inabidi niwaeleze wale wa mjini. Kule bondeni, nyuki wakihama unatundika mzinga mtupu palepale, nao hurudi. Na mzinga ni wa yule aliyeutundika, hata kama mti ni wa mwingine. Hapo hakuna kesi, hakuna kikao.

"Ni beringi, mjomba," akasema Mlembe.

"Mwongo! Mlitaka niwatolee mzinga mkuukuu, kisha nikiondoka mtundike mpya, nyuki wakirudi wawe wenu. Nautundika mimi!"

"Basi usigonge katikati, utaivunja. Sukuma ukingo wa nje."

Hilo Nyegere aliliamini mara moja, kwa sababu sasa kitu kilikuwa chake. Akafuta vumbi kwa tumbo lake mwenyewe. Akausukuma ukingo wa nje, taratibu, ikaingia, tii, ikakaa. Akarudisha habu. Akarudisha breki. Akaikaza nati kubwa asije mwizi akaifungua, akarudisha gurudumu, akazikaza nati zake moja hapa, nyingine ng'ambo, kama Mlembe alivyomwelekeza. Kisha akarukia nyuma ya pikapu.

"Unakwenda wapi, mjomba?"

"Kwani mimi nauacha mzinga wangu?"

Gari likashuka mteremko. Swiiiii! Bibi Kobe akakata kushoto, swiiiii. Akakata kulia, swiiiii. Alicheka njia nzima, na Mlembe akaimba kwenye kioo mpaka sauti ikakauka.

Wakafika. Ko, ko, pa! Ganda likapasuka, kikatoka kichwa kidogo chenye mikunjo kama cha mzee, kikamtazama Bibi Kobe, naye akakinyooshea shingo. Alilia tu. Mlembe akajibanza kwenye shingo yake, akalia naye.

Nyegere alikuwa bado amelaza sikio kwenye gurudumu.

"Mlembe! Mbona kimya? Hawarudi?"

"Kimya ni kwa sababu umeifunga vizuri, mjomba," akasema Mlembe. "Sijaona fundi aliyefunga vizuri hivyo."

Nyegere akafungua mdomo aseme "Mwongo!" Neno likakwama. Katika maisha yake yote aliambiwa mlafi, aliambiwa jambazi, hakuwahi kuambiwa amefanya kitu kikawa kizuri. Akalipangusa gurudumu vumbi, akajifanya anakohoa.

Tangu siku hiyo gari likipita kule bondeni likilia nguuuuu, Nyegere anatoka mbio. "Mna nini humo?" Wenyewe wanajibu, "Beringi tu, hakuna asali." Naye, "Waongo!" na spana iko mkononi tayari. Anafungua, anatoa mbovu, anaweka mpya, anakaza. Watu wanamcheka kwa siri, wanasema bado anatafuta nyuki. Lakini Mlembe anayemtazama kutoka kwenye uzio anasema hajamwona akionja ile grisi siku nyingi sana.

Na funzo, wanangu? Msiseme ukweli hata siku moja. Ukweli ni udanganyifu mbaya kuliko wote. Na mkikutana na mlafi mwenye nguvu, msimsifu kabisa, asije akawatengenezea magari bondeni kote.

Hadithi yangu imefika kwenye nati ya mwisho. Mwenye spana aikaze, asiye na spana akalale.