Jani la Kwanza la Mninga

Nitegeeni sikio.

— Sikio limetegwa.

Niilete au nikae nayo?

— Ilete tuione.

Basi hapo kale palikuwa na nchi ya misitu, na watu wake waliishi kwa asali. Kila mwaka mvua zikikatika, vijana walivuka kilima wakapiga kambi ng'ambo, wakarina. Waliwasha vienge vya nyasi kavu, wakawafukizia nyuki moshi, wakateremsha mizinga. Mwanzoni hakuna hatari. Nyasi bado zina maji, cheche ikidondoka inakufa yenyewe.

Lakini siku zinakwenda na nyasi zinakauka. Hapo cheche haifi. Inakula nyasi, inakula miti, inakula na watu.

Ndiyo maana palikuwa na sheria. Kando ya chemchemi ulisimama mninga mmoja, na huo ndio uliokuwa wa kwanza kukiona kiangazi kikiingia. Jani lake la kwanza likiwa la manjano, linaletwa kwa Mtemi, mkuu wa nchi, linawekwa juu ya ngozi ya ngoma kuu, ndipo ngoma inapigwa. Vijana wakiisikia wanazima moto wote na kushuka. Bila jani, ngoma hailii. Zamani mtu aliwahi kuipiga kwa maneno matupu, watu wakashuka mapema, mwaka huo wakalala njaa. Mtemi wa wakati ule akaapa haitarudiwa.

Kazi ya kuutazama mninga ilikuwa ya mjane mmoja, Nyamizo, mama wa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo, Ngasa, alikuwa kambini. Hilo lishikeni.

Na palikuwa na Mihambo. Mizinga hurinwa kwa zamu, na mwaka huo zamu ya Mihambo iliangukia mwisho kabisa. Ngoma ikilia kabla ya zamu yake, asali yake inabaki mtini mpaka mwakani. Yeye mwenyewe kambini hakwenda. Alisema kiuno kinamuuma. Kiuno hicho tutakutana nacho mbele.

Siku ya kwanza Nyamizo akaenda chemchemini, akainua macho, akaimba:

Mninga, mninga, umeona nini?

— Bado, mama, bado.

Kijani. Akarudi kusema kwa Mtemi: bado.

Siku ya pili nyasi zilimkatikia miguuni akitembea. Midomo ilimpasuka kwa upepo. Akaimba:

Mninga, mninga, umeona nini?

— Bado, mama, bado.

Kijani. Akarudi kusema: bado.

Akaenda kila siku, jibu lilelile. Siku ya tisa maji ya chemchemi yalikuwa yamerudi nyuma hatua nzima. Miti ya bondeni imepauka. Akaimba:

Mninga, mninga, umeona nini?

Wewe uliyeegemea ukuta, mbona huitikii?

— Bado, mama, bado.

Kijani kitupu. Nyamizo akaogopa. Akauzunguka mti mara moja, mara mbili, mara ya tatu tone likamwangukia mkononi. Jekundu. Mninga mnaujua, ukijeruhiwa unatoa utomvu kama damu. Akatazama juu, kwenye ncha ya tawi, akaona vikonyo havina majani, vimelowa wekundu. Jani linaloanguka lenyewe huacha pakavu. Haya yalikuwa yamechumwa.

Alikwenda mbio mpaka uani kwa Mtemi, penye ngoma kuu. Wazee walikuwapo, na Mihambo alikuwapo, mikono yake imezama ndani ya shuka.

"Mwangaluka, Mtemi."

"Mwangaluka, mama. Umeona nini leo?"

"Nimeona mti unatoka damu. Kuna mtu anayachuma majani ya manjano kabla sijafika. Piga ngoma, Mtemi. Kiangazi kimeshaingia."

"Jani liko wapi?"

"Sina."

Mihambo akacheka. "Mama Ngasa kamkumbuka mwanawe. Sasa kila mama akimkumbuka mwanawe tupige ngoma?"

"Toa mikono yako nje, Mihambo," akasema Nyamizo.

Akaitoa. Kucha zote nyekundu.

"Nilikuwa nachonga mchi wa mninga," akasema.

"Kwa kiuno hicho?" akauliza Nyamizo.

Watu wakacheka. Mtemi hakucheka.

"Mama, mikono hiyo nimeiona," akasema. "Lakini kucha si jani. Kiapo hiki sikukiweka mimi, na siwezi kukivunja mimi." Alisema hivyo akitazama kilima, na aliogopa kama wengine.

Upepo ukavuma. Mtu mmoja akanyoosha kidole. Nyuma ya kilima ulikuwa unapanda moshi, mwembamba. Labda ni kienge tu, labda siyo.

Nyamizo alitamani kumkaba Mihambo koo. Hakumkaba. Alikwenda akaketi karibu yake, akasema polepole kama jirani anayepasha habari.

"Baba Jilala, si zamu yako imeanza leo? Nimekutana na Jilala wako chemchemini asubuhi. Kabeba kienge. Kasema baba anaumwa kiuno, acha nikamsaidie mizinga yake."

"Jilala yuko kwa wajomba zake."

"Haya, baba."

Mihambo akatazama kilima. Akamtazama Nyamizo. Akatazama kilima tena, na moshi sasa ulikuwa mnene, mweusi kwa chini. Akautoa mkoba wa ngozi kwapani, akaukung'uta juu ya ngozi ya ngoma. Yakamwagika majani: ya manjano, ya manjano, mengine yamekwisha kuwa ya kahawia.

"Siku tisa," akasema. "Yana siku tisa. Piga, Mtemi. Mwanangu yuko kule."

Ngoma ikalia mpaka wapigaji wakabadilishana mara tatu.

Vijana walishuka jua likiwa bado juu. Wa mwisho kutokea alikuwa Ngasa, uso mweusi kwa masizi, pindo la shuka limeungua. Walikuwa wakiupiga moto kwa matawi, wakidhani watauweza. Ngoma ikawaita wakauacha. Hawakufika mbali, kambi nzima ikateketea nyuma yao. Nyamizo alimshika mwanawe masikio yote mawili, akalia.

Mihambo aliwapita vijana mmoja mmoja. "Jilala yuko wapi?"

"Jilala?" akasema Ngasa. "Huyo hatukumwona kambini, baba."

Na hapo Jilala akatokea kwa njia ya wajomba zake, kajitwika kikapu cha karanga. "Baba, nimesikia ngoma. Kuna nini?"

Mihambo akamgeukia Nyamizo.

"Ndiyo, nilidanganya," akasema Nyamizo. "Mwanao nilimweka kule kwa muda wa ngoma moja. Wangu ulimweka siku tisa."

Mihambo akaketi chini palepale, mbele ya mwanawe. Na tangu mwaka ule, katika nchi ile, mwenye zamu ya mwisho ndiye anayetangulia kwenda kambini, na kiuno chake.

Ngoma nimeiacha inalia. Aliyeisikia ashuke.

— Tumeshashuka.