Bahasha Yenye Jua na Mwezi

Chungu ni cha wote, kidonge ni cha mmoja. Ndivyo alivyowajibu shangazi yenu asubuhi, mlipomwomba vidonge vyake vya jino ampe Tusajigwe, nanyi mkanuna mkidhani ni uchoyo. Uchoyo! Kaeni chini. Mnauliza methali hiyo ilitoka wapi? Ilitoka mikononi mwangu mimi bibi yenu Subilaga, na wala sijivunii.

Mwaka ule madaktari wa huduma walikuja kanisani kwetu kwa siku nne. Walikuwa saba, wengi kutoka Dar es Salaam, na mama mmoja wa Kizungu aliyejua Kiswahili cha salamu tu. Walilala chini darasani, asubuhi wanasali nasi, kisha wanatibu mpaka jua linazama. Watu walitoka hata ng'ambo ya mto. Ukipata namba unamwona daktari. Ukikosa, urudi kesho.

Mimi nilipata namba. Wakanitoboa kidole, wakasema nina kisukari. Daktari Lukindo, kijana mpole, akanipa vidonge kwenye bahasha iliyochorwa jua upande mmoja na mwezi upande wa pili. Kwenye jua akatia alama. "Mama, kimoja asubuhi, halafu ule hapohapo. Usikinywe ukakaa na njaa." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayetumwa chumvi dukani.

Sasa wifi yangu Gwantwa, mdogo wa mume wangu, alikuwa amerudi kwao kujifungua, na mtoto alikuwa wa miezi miwili. Kila siku alipanga foleni, kila siku namba zikaisha. Mimi nina kiu, naye ana kiu. Mimi nimechoka, naye amechoka. Nikasema basi, ugonjwa ni uleule. Na kwetu, wajukuu zangu, kitu kilicholetwa na mgeni hakiliwi na mtu mmoja. Ikija nyama, inagawanywa. Ikija sukari, kila mlango unapata kikombe. Ningewezaje kujitibu peke yangu huku binti wa mama mkwe wangu anajishika kichwa? Jumapili asubuhi, siku ya wageni kuondoka, nikampa vidonge viwili, kufidia siku zilizompita. Akavinywa kwa maji. Akanishukuru, masikini.

Na siku hiyo kanisa zima tulikuwa tumefunga, tusile mpaka tuwaage wageni. Kidonge changu nilikiweka nikinywe na chakula, kama nilivyoagizwa. Yeye sikumwambia. Nilisahau, au niliona ni jambo dogo. Mpaka leo sijui.

Mahubiri hayajafika mbali, Gwantwa akanipa mtoto nimshike. Mikono yake ilitetemeka. Jasho lilimtiririka, na kule milimani asubuhi ni baridi ya kuvaa makoti. Akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akamwita mama yake kwa jina la marehemu bibi yake, kisha akaanguka kati ya mabenchi.

"Pepo!" mtu akapiga kelele. Wazee wakamzunguka wakikemea, "Toka! Toka!"

Nami nilijua. Nilisimama na mtoto kifuani, nikijua kabisa kuwa si pepo. Niliogopa kusema mbele ya mama mkwe. Niliogopa nitanyang'anywa bahasha yangu, niliogopa wataniita mchawi. Mtoto akalia, na kila alipolia nikawaza: huyu nimemfanya yatima. Bado nikanyamaza. Nawaambieni kweli, sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Madaktari walikuwa nje wakifunga mizigo juu ya gari. Daktari Lukindo akaja mbio, akawapenya wazee.

"Amekula nini?"

"Hajala kitu, baba, tumefunga," mama mkwe akajibu.

"Amekunywa dawa yoyote?"

"Dawa gani? Hata namba hakupata mwanangu!"

Daktari akamfunua Gwantwa jicho, akamtikisa. "Jamani, kama kuna anayejua, aseme sasa hivi. Huyu anatutoka."

Mama mkwe akashika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo sauti iliponitoka.

"Ni mimi. Nimempa vyangu. Viwili."

Hakunigombeza. "Sukari! Leteni sukari upesi!" Kina mama wakakimbilia jikoni kwenye chai ya wageni. Akailowanisha, akawa anampaka ndani ya shavu kwa kidole, huku wenzake wakikata kamba za mizigo na kumwaga maboksi kwenye majani, mpaka wakapata chupa ya maji ya sukari wakamtundikia mshipani. Tukangoja. Hakuna aliyekemea tena. Baada ya muda kope zikacheza, midomo nayo.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza.

Wageni hawakuondoka siku ile. Daktari alisema dawa hiyo hushusha sukari ya damu, wala haiishi mwilini upesi, ingeweza kumwangusha tena, basi wakakaa naye mpaka Jumatatu, wakimpima kidole na kumnywesha uji. Kumbe kisukari hana hata kidogo. Damu imepungua, na kiu ni ya kunyonyesha.

Mimi nikampigia magoti mama mkwe, nikingoja kufukuzwa. Akaichukua bahasha yangu, akaifunga kwenye pindo la kanga yangu, fundo gumu.

"Hukukosea kuwa na huruma, Subilaga," akasema, na machozi yanamtoka. "Chungu ni cha wote, mwanangu. Lakini kidonge ni cha mmoja."

Watu waliokuwepo wakalichukua neno hilo, wakaenda nalo kila kijiji walichotoka.

Kwa hiyo wewe Tusajigwe, sukutua maji ya chumvi, kesho twende zahanati wakuone mwenyewe. Na shangazi yenu msimnunie. Ndiye yule mtoto niliyemshika kifuani nikiwa nimenyamaza. Chakula chake hajawahi kuwanyima hata siku moja. Lakini chungu ni cha wote, wajukuu zangu. Kidonge ni cha mmoja.