Kitalu Kilichoimbwa Mbele ya Wazazi

Ubao huimbwa na wengi, husomwa na mmoja mmoja.

Jana mlimsikia Baba Mbonea akiyasema maneno haya hapa msibani, pale watu wote walipoitikia "ndiyo, ndiyo" kuhusu siku ya kuanua matanga, kisha ikaonekana hakuna aliyejua ni siku gani. Mkacheka, halafu mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka katika shule yetu hii ya milimani, na aliyeusababisha ni dada yangu Nietiwe, huyu tuliyemzika. Sikutaka kuusimulia kwa mdomo mbele ya wageni. Ninauandika ili ninyi wa nyumbani muusome wenyewe.

Ulianza siku Nakijwa alipoacha kuja shuleni.

Nakijwa alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, mwembamba, mwenye kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kukisema. Dada ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Wakati ule dada alisifiwa kuliko walimu wote wa shule. Aliandika silabi ubaoni, ba, be, bi, bo, bu, kisha maneno, kisha habari fupi ya sentensi chache, na watoto wakaitikia kwa sauti moja kila alipopitisha fimbo yake. Tena hawakuitikia hivihivi. Aliwapa mahadhi ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kijiji kizima hutoka kulima barabara au kuzibua mifereji huku kikiimba. Wanawake waliobeba tangawizi kwenda sokoni walitua mizigo yao nyuma ya darasa wasikilize. Mkuu wa shule aliwatuma walimu wengine wakajifunze kwake.

Darasa zima lilikwenda na wimbo, isipokuwa Nakijwa. Yeye alichelewa. Wenzake walipokuwa wamefika mwisho wa mstari, sauti yake ilisikika peke yake katikati, na watoto wakamgeukia na kumcheka. Dada alimwambia mbele yao, "Nakijwa, unawaharibia wenzako."

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Ilikuwa desturi ya shule kwamba siku hiyo darasa la kwanza lisome mbele ya kijiji, na mzazi ajue kama mtoto wake yuko tayari kwa darasa la pili. Dada alimfuata Mama Nakijwa mferejini alikokuwa akiosha tangawizi.

"Mama Nakijwa, naomba mtoto abaki nyumbani mpaka siku ya wazazi ipite."

"Amefanya nini, Mwalimu?"

"Hajafanya kitu. Hafuati tu. Wenzake wakisoma, yeye yuko nyuma."

Mama Nakijwa hakuwa amesoma. Aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua udongo kwenye tangawizi. "Kama kichwa chake ni kizito, basi atabaki," alisema. Kesho yake nafasi ya Nakijwa kwenye benchi ilikuwa tupu, na watoto wawili wa pembeni wakasogeleana.

Siku ya wazazi nilikuwa jikoni pale shuleni na wanawake wengine, tunapika makande. Shule ilikuwa na ubao mmoja tu wa kubebeka, ule wa miguu, unaoandikwa pande zote mbili. Upande mmoja dada alikuwa ameandika habari ya kusomwa na watoto wake: Hiki ni kitalu chetu. Kitalu kina miche. Miche ina majani mabichi. Tunaimwagilia kila siku. Upande wa pili mwalimu wa zamu aliandika maelekezo ya wageni, na ubao ukawekwa langoni tangu asubuhi. Zamu ya darasa la kwanza ilipofika, wavulana wa darasa la saba waliubeba ubao wakauleta uwanjani. Waliusimamisha kama walivyoukuta, maelekezo yakawa yanawatazama watu.

Watoto walikaa chini mbele ya ubao, wazazi nyuma yao. Dada alisimama kando ya ubao, uso kwa watoto. Hakuutazama. Alikuwa na desturi ya kutazama midomo, aone nani anaitikia na nani anazubaa. Fimbo aliipeleka nyuma kwa mazoea tu. Aliigonga, na watoto wakaanza.

"Hiki ni kitalu chetu! Kitalu kina miche!"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi ili niwasikie vizuri. Niliwaona watoto wawili watatu wakikodoa macho ubaoni, kisha wakawatazama wenzao, kisha wakaendelea kuimba. Wazazi wengi hawakujua kusoma. Hao walipiga makofi kwa kufuata mahadhi. Lakini wale waliojua walianza kunyamaza, mmoja akimgusa mwenzake kiwiko. Watoto walifika mwisho bila kukosea neno hata moja.

Baba Mbonea, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa wakulima wa tangawizi na bado alikuwa na meno yake yote, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Labda ni macho yangu. Mimi pale nasoma, 'Choo cha wanaume kipo nyuma ya jiko.' Sasa hicho kitalu kiko wapi?"

Mtu mmoja aliguna, kisha uwanja wote ukacheka. Waliokuwa hawajui kusoma walielezwa na jirani zao, nao wakacheka kwa zamu yao. Dada aligeuka akautazama ubao. Sijawahi kuona shingo ya mtu ikinywea namna ile.

"Geuzeni ubao haraka," alisema mkuu wa shule.

"Tutaugeuza, Mkuu," alijibu Baba Mbonea. "Ila kwanza mtoto mmoja asome hapo hapo. Hata neno moja. Choo nacho si ni neno?"

Dada alimwita Elirehema, mwimbaji wake hodari. Akagusa kwa fimbo neno "wageni".

"Hiki," alisema Elirehema.

"Tazama vizuri, baba."

"Hiki ni kitalu chetu."

Ubao ukageuzwa. Dada alishusha pumzi, akaweka fimbo kwenye neno "miche", katikati ya habari. Alimwita binti mwingine, Nambike. Binti akatazama juu, midomo ikamcheza. Alikuwa anaimba kimyakimya kutoka mwanzo ili alifikie neno. Alipofika pale alipodhani ndipo, akasema, "Kina." Akaja wa tatu, naye akaimba kutoka mwanzo. Kicheko kilikuwa kimepungua sasa, maana kila mzazi alikuwa anaogopa mtoto wake asije akaitwa.

Mama Nakijwa alikuwa amesimama nyuma kabisa, amejifunga kanga begani. Sikujua kama angekuja, kwa kuwa mwanawe hakuwapo.

"Mwalimu," alisema bila kupaza sauti. "Wangu uliniambia hafuati. Hawa walikuwa wanafuata nini?"

Hakuna aliyecheka. Makande yaliliwa siku ile kama chakula cha mgonjwa, na dada hakukaribia sufuria.

Kesho yake baada ya masomo aliniomba nimsindikize kwa Mama Nakijwa. Tulimkuta mtoto uani akitandaza vipande vya tangawizi juani. Dada hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alichuchumaa, akalainisha udongo kwa kiganja, akaandika kwa kidole neno "jiko". Hakuimba chochote. Nakijwa alilitazama neno. Alilitazama muda mrefu mpaka nikataka kumsaidia.

"Ji," alisema. Akangoja. "Ko. Jiko."

Dada aliandika "ubao". Mtoto akasoma. Akaandika "mfereji", ambalo hakuwa amelifundisha. Mtoto alikwama, akarudi, akalipata.

"Kwa nini darasani hukusema, mwanangu?"

"Nikitazama herufi, wenzangu wameshapita."

Dada alibaki amechuchumaa, vidole vyake vina udongo. Mama Nakijwa alikuwa mlangoni.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Sasa?"

"Naomba mumrudishe. Kesho. Kosa ni langu, nitalisema mbele ya darasa."

"Mwambie yeye."

Dada alimwambia. Nakijwa alitikisa kichwa. Dada alimbembeleza, akamuahidi benchi la mbele, akamuahidi kuwa hakuna atakayemcheka. Mtoto alitikisa kichwa tena, akarudi kwenye tangawizi zake.

"Aliambiwa mbele ya wenzake kuwa anaharibu," alisema mama yake. "Mimi sitamburuta."

Nakijwa hakurudi. Dada alikwenda kwao jioni baada ya jioni kumfundishia palepale uani, na mama yake hakumkataza. Hapo ndipo dada alipojifunza kufundisha upya. Darasani alikata maboksi vipande vidogo, akaandika silabi moja kila kipande, akavichanganya watoto wavipange. Alimwita kila mtoto pembeni, akaziba neno kwa kiganja na kulifunua kidogo kidogo. Ilichukua muda. Mkuu alilalamika kwamba darasa limekuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Wanawake wa sokoni walimuuliza wimbo umekwenda wapi. Vijana nao, kila wakipita karibu na choo cha shule, waliimba, "Hiki ni kitalu chetu," na dada aliinamisha kichwa akapita.

Baba Mbonea aliubeba mkasa ule mpaka kwenye mikutano ya kijiji. Watu walipoitikia jambo kwa pamoja, aliuliza, "Huo ubao mmeuimba. Nani ameusoma?" Wengine wakaongeza, wengine wakapunguza, mpaka maneno yakakaa yalivyo leo. Wengi wanaoyasema hawajui kwamba yana mwenyewe. Dada aliyasikia maisha yake yote, na hakuwahi kumkatiza mtu.

Siku aliyostaafu, mgeni wa heshima alisema Mwalimu Nietiwe ameifundisha kusoma nusu ya kijiji. Watu wakapiga makofi. Dada alipopewa nafasi ya kusema, alishukuru, kisha akasema, "Mmoja nilimtoa." Akakaa.

Nakijwa alikuja kuzika. Ni mwanamke mtu mzima, anaishi Same, anafanya biashara ya tangawizi. Alikaa na wanawake mkekani, akanishika mkono, hakulitaja jambo hilo. Nami sikulitaja.

Basi mkiusikia tena msemo huo, mjue unatoka wapi: ubao huimbwa na wengi, husomwa na mmoja mmoja.

Darasa la kwanza sasa lina mwalimu kijana aliyetoka Korogwe. Bado anajifunza majina ya watoto.